Nozeli si injekta

Nimelisikia tena juzi gereji, kwa fundi ninayemheshimu: "Nozeli zote nne zimekufa, kanunue nozeli." Kijana mwenye pikapu ya dizeli akaenda dukani, akarudi na injekta nne nzima ndani ya maboksi yake, akiba ya miezi imekwisha. Kilichohitajika ni vipande vinne vinavyoenea kwenye kiganja kimoja. Hakuna aliyemwibia. Neno ndilo lililompoteza.

Maana yenyewe ni fupi. Injekta ni kifaa kizima kinachofungwa kwenye silinda hedi: kiwiliwili chake, springi, njia ya kuingizia dizeli na njia ya kurudishia inayozidi. Nozeli ni ncha yake ya chini tu, ile inayochungulia kwenye chumba cha moto. Ndani ya ncha hiyo mna sindano iliyokaa kwenye ala yake, na nafasi kati ya viwili hivyo ni maikroni chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Unywele mmoja haupiti. Pampu inasukuma dizeli, presha inaishinda springi, sindano inanyanyuka, dizeli inatoka kwa matundu. Presha ikishuka, sindano inarudi kuziba. Nozeli haisukumi chochote.

Asili ya majina haya inaonyesha tofauti hiyohiyo. Waingereza walichukua neno lao la pua wakalitia kiambishi cha udogo, wakapata "nozzle". Sisi tungesema kipua, na tusingekuwa tumekosea hata kidogo. Pua ni sehemu ya uso. Hakuna anayeita uso mzima pua. Injekta inatoka kwenye Kilatini, na maana yake ya mwanzo ni kitupacho kitu ndani. Kwa hiyo jina moja ni la kiungo, jingine ni la mtenda kazi.

Tena injekta ni jina la zamani kuliko injini ya dizeli. Mwaka 1858 Mfaransa Henri Giffard alipata hataza ya kifaa cha kuingizia maji kwenye boila kwa nguvu ya mvuke, na kifaa hicho ndicho kilichoitwa injekta. Hata humo, nozeli ilikuwa kipande kimoja ndani ya injekta.

Injini ya Rudolf Diesel iliyofaulu majaribio Augsburg mwaka 1897 haikurusha mafuta kwa presha ya mafuta yenyewe. Yalipulizwa ndani kwa hewa iliyogandamizwa na kompresa. Hewa ndiyo iliyoyapasua mafuta yakawa ukungu. Lakini kompresa ile ilikuwa nzito, inakula nguvu ya injini, na chombo kidogo cha barabarani kisingeweza kuibeba. Ilipoondolewa, na pampu ndogo za mafuta zikaanza kutengenezwa kwa wingi (Bosch walianza mwaka 1927), kazi yote ya kuyapasua mafuta ikaangukia matundu ya nozeli. Tangu hapo umbo la kijincha hiki ndilo linaloamua kama gari litavuta au litatoa moshi mweusi.

Chukua tone la dizeli lenye upana wa milimita moja. Ukilipasua kuwa matone ya milimita 0.02, unapata matone 125,000, na eneo linalogusana na hewa ya moto linaongezeka mara 50. Dizeli huungua pale inapogeuka mvuke na kuchanganyika na hewa, na muda uliopo ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Ndiyo maana injini zenye chumba kidogo cha pembeni zinatosheka na nozeli ya tundu moja lenye pini katikati, inayofunguka kwenye presha kama mara 120 hadi 150 ya hewa tunayovuta: msukosuko wa hewa ndani ya chumba kile unasaidia kuchanganya. Injini inayorushiwa dizeli moja kwa moja juu ya pistoni inataka matundu kadhaa, membamba kama milimita 0.1 hadi 0.2, na presha kubwa zaidi. Hata kile kijifuko kidogo kilicho chini ya sindano kina uzito wake. Dizeli inayobaki humo baada ya sindano kufunga hudondoka kwa kuchelewa na kutoka bila kuungua vizuri, kwa hiyo wabunifu wamehangaika kukipunguza.

Hapa ndipo ninapoumia nikiona mtu anachokonoa matundu kwa waya eti gari livute. Tundu likitanuka, matone yanakuwa makubwa na mnyunyizo unapoteza umbo. Nguvu haiongezeki, moshi ndio unaoongezeka.

Kwenye injekta za zamani za springi, nozeli inabadilishwa peke yake, kisha presha ya kufungukia inapangwa kwa visahani vyembamba na kupimwa kwenye mashine. Kwenye injini za komoni reli, yaani zenye bomba moja la presha linalolisha injekta zote, ambazo presha yake sasa inafika zaidi ya mara 2,000 ya hewa ya kawaida, injekta inafunguliwa kwa umeme, na nyingi zina namba zake za vipimo ambazo lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Huko kubadilisha ncha bila kupima upya ni kubahatisha.

Basi fundi akikwambia nozeli zimekufa, muulize kwa adabu, "Ncha, fundi, au injekta nzima?" Fundi mzuri hatakasirika. Atafungua moja, akuonyeshe.