"Kufubaza" virusi kwa mtoto maana yake nini?

Katika kliniki za tiba na matunzo nchini Tanzania, zile tunazoziita CTC, husikii sana neno "kuponya". Linalotajwa ni "kufubaza", na aliyelichagua alijua Kiswahili. Kilichofubaa hakijatoweka, kimepungua nguvu tu. Dawa za ARV huzuia VVU visizaliane, kinga ya mwili ikapata nafasi ya kujijenga, lakini virusi vichache hubaki vimejificha mwilini. Dawa zikiachwa, vinaamka.

Hali hiyo hujulikana kwa kupima wingi wa virusi kwenye damu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, vikiwa nakala 1,000 au pungufu kwa mililita moja, vimefubaa. CD4 ni hesabu nyingine: yenyewe huhesabu chembe za kinga kwenye damu, yaani askari wa mwili, si adui.

Kwa mtoto mchanga hakuna muda wa kusubiri. Bila tiba, karibu nusu ya watoto wenye VVU hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini ulionyesha mwaka 2008 kwamba kuwaanzishia dawa mapema kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Ndiyo maana mtoto wa mama mwenye VVU hutolewa matone ya damu kisiginoni akiwa na wiki 4 hadi 6, yakakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kutafuta kirusi chenyewe. Kipimo cha haraka, kinachotafuta kingamwili na si kirusi, kingedanganya, kwani kingamwili za mama huweza kubaki kwa mtoto hadi miezi 18.

Halafu kuna mizani. Mtoto wa kilo 9 hupewa kidonge kimoja na nusu cha dolutegravir ya miligramu 10, pamoja na dawa zake nyingine. Akifikisha kilo 10 ni viwili. Kilo 20, anahamia kidonge cha wakubwa cha miligramu 50. Mtoto akikua huku dozi imebaki ya mwaka jana, virusi havifubai hata kama hajakosa siku moja.

Na ladha je? Sirapu ya zamani ya lopinavir ilikuwa chungu kupindukia, ilitaka friji, na zaidi ya asilimia 40 yake ilikuwa alkoholi. Mtoto aliitema, lawama akapewa mama. Vidonge vya sasa vya watoto huyeyushwa kwenye maji na vina ladha ya stroberi.

Kwa hiyo majibu yakija na virusi vingi, mimi ningeuliza kwanza uzito, kisha nani humpa dawa: mama, bibi, au dada anayewahi shule? Na je, mtoto anajua anachokunywa? Shirika la Afya Duniani linashauri aelezwe kidogo kidogo kati ya miaka 6 na 12. Aliyeambiwa kuwa ni dawa ya kifua huiacha siku kifua kikitulia.