Goti la mtoto linapouma, chunguzeni nyonga

Mtoto wa miaka 12 au 13 anayelalamikia goti kwa wiki kadhaa, anachechemea na mguu mmoja umegeukia nje, anahitaji eksirei ya nyonga kabla ya dawa nyingine yoyote ya kuchua, maana huenda ana ugonjwa wa nyonga kuteleza. Neva inayohudumia nyonga hufika pia upande wa ndani wa goti, kwa hiyo nyonga huumwa, goti likasingiziwa. Ndivyo watoto wanavyopigwa picha ya goti, wakaambiwa hawana tatizo, wakarudi uwanjani kucheza mpira. Sisi tunaowapasua tunawapokea wakiwa wamechelewa, na inatuumiza, maana mwanzoni upasuaji wao ni mdogo.

Chini kidogo ya kichwa cha mfupa wa paja kuna tabaka la gegedu ambapo mfupa hukulia. Balehe inapoanza mtoto hurefuka haraka, tabaka hilo huwa dhaifu, na uzito wa mwili hulifanya liteleze. Kichwa hubaki ndani ya tundu la nyonga. Shingo ya mfupa ndiyo inayohama, ikaenda mbele na kugeukia nje. Wavulana huupata ugonjwa huu zaidi, wasichana huwahi kwa takriban mwaka mmoja. Unene uliozidi huchangia sana. Anapoupata mtoto mwembamba, au aliye chini ya miaka 10, tunamchunguza pia tezi ya shingo na figo.

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, kama mtoto bado anatembea, mlazeni chali, mkunje goti lake taratibu kuelekea kifuani. Nyonga nzima hupandisha paja moja kwa moja. Iliyoteleza, paja hukimbilia nje lenyewe, na mtoto hukunja uso. Hapo ombeni eksirei ya nyonga zote mbili, ya mbele na ya ubavuni. Kwenye picha ya mbele, mstari unaofuata ukingo wa juu wa shingo ya mfupa unapaswa kukata kipande cha kichwa. Usipokata kitu, nyonga imeteleza. Kuanzia dakika hiyo mtoto asikanyage tena. Abebwe au akae kwenye kiti cha magurudumu mpaka afike hospitali ya rufaa yenye bingwa wa mifupa, hata kama alikuja kwa miguu yake.

Upasuaji wa kawaida hufanyika kwa nusukaputi. Tunachana ngozi kidogo sana mbele ya paja, kisha tunapitisha waya mwembamba huku tukiuangalia kwenye kioo cha mashine ya eksirei, mpaka ufike katikati ya kichwa cha mfupa. Skrubu yenye tundu hufuata waya huo, ikavuka gegedu na kushika kichwa. Ncha yake lazima iishie ndani ya mfupa, kwani ikitokeza kwenye kiungo hula gegedu lake, na nyonga hukakamaa. Skrubu ikikaa sawa, nyonga haiendelei kuteleza na tabaka la ukuaji hujifunga. Mguu haudumai kama wazazi wanavyohofia: sehemu kubwa ya urefu wake hutokana na ukuaji ulio karibu na goti.

Swali tunaloulizwa karibu kila mara ni kwa nini hatukuvuta kichwa kikarudi mahali pake. Mishipa inayokilisha damu ni myembamba na hupita juu ya shingo ya mfupa. Ukivuta kwa nguvu unaweza kuikata, kichwa kikafa na kubonyea, na mtoto wa sekondari akabaki na nyonga ya mzee. Heri nyonga iliyopinda kidogo lakini hai.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtoto ambaye hawezi kukanyaga kabisa, hata kwa magongo. Daktari wa mifupa Randall Loder na wenzake huko Marekani walichapisha mwaka 1993 kwamba kati ya nyonga 30 za namna hiyo, 14 zilikosa damu kwenye kichwa cha mfupa. Miongoni mwa 25 za watoto walioweza kukanyaga, hakuna hata moja. Asiyeweza kukanyaga ni mgonjwa wa dharura. Msimkunje, msimvute mguu, na asipakiwe kwenye bodaboda.

Nyonga iliyoteleza sana huweza kufunguliwa na kichwa kurudishwa huku mishipa ikilindwa, njia iliyojengwa juu ya kazi ya daktari wa mifupa Reinhold Ganz wa Bern, Uswisi. Ni upasuaji mgumu unaotaka mikono iliyozoea. Kwingine tunafunga skrubu kwanza, kisha baadaye tunakata mfupa na kuunyoosha.

Baada ya skrubu, mtoto hutumia magongo kwa takriban wiki 6, na michezo husubiri ruhusa ya daktari. Kliniki msiziache hata kama hachechemei tena, kwa sababu nyonga ya pili nayo huweza kuteleza, mara nyingi ndani ya miezi 18 ya kwanza. Kwa mtoto mdogo sana, au mwenye tatizo la tezi au figo, tunashauri ifungwe skrubu mapema. Akianza kulalamikia goti la upande wa pili, mleteni siku hiyohiyo, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.