Je, wajua kwanini upanga mkali kuliko wote kwenye gemu hauuzwi dukani?

Kwenye magemu ya kifantasia, yale ya mazimwi na wachawi, muuza silaha huwa kajaza mapanga ukutani, na wewe pesa unazo mpaka hujui uzifanyie nini, ila ule upanga wenye jina lake, ule ambao kila mzee wa kijiji anausimulia toka unaanza kucheza, pale dukani haupo. Mpaka uuhangaikie. Sasa si wangekuuzia tu yaishe?

Wangekuuzia, ungekua umenunua chuma tu. Watengenezaji wanautumia ule upanga kama kipimo, yaani kabla hawajakupa kitu cha kumkata adui mara mbili akalala, wanataka kwanza wajue umetembea wapi na umepitia nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wao ndo wanaoamua uvungu uwe mrefu kiasi gani.

Chukua Master Sword kwenye Zelda: Breath of the Wild ya 2017. Upanga umechomekwa katikati ya msitu wenye ukungu, ukikosea njia ukungu unakumeza unajikuta umerudi mwanzo, na njia yenyewe unaifuata kwa kuangalia cheche za mienge zinapeperukia upande gani. Ukifika unaushika, unavuta, na mioyo yako, yaani uhai wako, inaanza kuisha mmoja mmoja huku unaangalia. Unahitaji mioyo 13. Gemu unaanza na 3. Ile ya njano ya muda, inayotokana na misosi ya kupika, haihesabiwi (mimi nlijaribu, nlienda na 9 halisi na ya njano ya kutosha, nikakomaa kuvuta, nikafa palepale kama mjinga).

Sasa piga hesabu. Ushindi kwenye hekalu dogo moja unakupa tuzo 1, tuzo 4 unabadilisha kwa moyo 1, kwahiyo mioyo 10 inayopungua ni mahekalu 40 kati ya 120 yaliyotawanyika ramani nzima, au 24 kama umeshawatuliza wanyama wanne wakubwa wa mashine waliomo, maana kila mmoja anakupa moyo mzima. Hakuna mtu anapita mahekalu 40 bila kupanda milima, kuganda na baridi, kupigwa na radi na kujifunza kukwepa. Yaani siku unauchomoa tayari unajua kupigana, hujaambiwa tu. Njia ya mkato ipo, kuna sanamu moja ya kishetani kijijini Hateno inanunua uwezo wako wa pumzi kwa rupia 100 (pesa ya humo kwenye gemu) na kukuuzia moyo kwa 120, ila hata hiyo pumzi unayouza uliipata kwenye mahekalu yaleyale, kwahiyo bado jasho ni lako.

Upande wa pili kuna Excalibur II ya Final Fantasy IX, ya mwaka 2000. Huu nao una kipimo ila kimegeuzwa: lazima ufike sehemu inaitwa Memoria, karibu kabisa na mwisho, kabla hujafikisha masaa 12 ya kucheza. Gemu yenyewe ukiicheza kwa raha zako inavuka masaa 30 kirahisi. Ina maana uruke karibu kila kitu kizuri kilichomo, na saa inahesabu mpaka video za stori, ndo maana kuna watu walikua wanafungua mfuniko wa PlayStation katikati ya video ili iruke. Kwa maoni yangu huu ni ukatili, unamnyima mtu gemu ili umpe upanga.

Afu kuna ile ya bahati, na hii ndo imetesa watu kuliko zote. World of Warcraft, gemu ya kucheza na wenzako mtandaoni, ilitoka 2004, na humo kuna upanga unaitwa Thunderfury. Unataka nusu mbili za pingu, kila nusu inadondoshwa na bosi wake, yaani adui mkubwa mnayemuua, Garr na Baron Geddon, wote wako ndani ya Molten Core, sehemu mnayoingia watu mpaka 40 na mabosi wakishakufa wanarudi baada ya wiki. Tuseme nafasi ya nusu moja kudondoka ni 4 kwa 100. Ukienda wiki 25 mfululizo, karibu nusu mwaka, bado kuna uwezekano wa 36 kwa 100 hujaiona. Hiyo ni nusu ya kwanza. Na ikidondoka, mnaiangalia watu 40 na anaondoka nayo mmoja.

Kwanini sasa watu hawaachi? Mwaka 1959 wanasaikolojia Elliot Aronson na Judson Mills walichukua wanafunzi wa kike waliotaka kujiunga na kikundi cha majadiliano, wengine wakaingia kirahisi, wengine wakapitishwa kwanza kwenye jaribio la aibu. Wote wakasikilizishwa mjadala uleule, wa kuchosha makusudi. Waliopata aibu ndo walisema mjadala ni mzuri. Kichwa cha binadamu hakipendi kukubali kuwa kimesota bure, kwahiyo kinapandisha thamani ya kilichopatikana, na watengenezaji wa gemu, wawe wameusoma utafiti huo au la, wanaishi humohumo.

Na cha kuchekesha, kwenye Breath of the Wild ukishashuka kutoka uwanda wa mwanzo hakuna anayekuzuia kwenda moja kwa moja kasri la Ganon, adui mkuu, na kumaliza gemu na fimbo ya kuokota. Upanga utabaki msituni umechomekwa vilevile.