Switi hugawiwa saa nne asubuhi

Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi ya mapokezi, kisha ya kupanga vyumba, katika hoteli za Dar es Salaam na Unguja zenye majina ya kimataifa, na swali nililoulizwa kuliko yote, tena kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, ni hili: mimi ni mwanachama wa daraja la juu, kwa nini sijapandishwa chumba, yaani sijapewa bure kilicho bora kuliko nilicholipia? Mgeni huliuliza saa kumi na mbili jioni, begi likiwa miguuni, akiamini kwamba dada aliye nyuma ya kaunta ndiye anayeamua wakati huo huo. Kwa kweli jambo lilikwisha kuamuliwa karibu saa nne asubuhi, katika ofisi ndogo iliyo nyuma ya mapokezi, na mtu ambaye mgeni huyo huenda asimwone kamwe. Mtu huyo, kwa muda mrefu, nilikuwa mimi.

Nianze na kile ambacho kampuni imeahidi hasa, kwa sababu malalamiko mengi huzaliwa hapo. Nitatumia Marriott Bonvoy, mpango wa uanachama wa kampuni ya hoteli ya Marriott, kama mfano, kwa kuwa wasafiri wengi wa kwetu wamejikuta ndani yake baada ya Marriott kuinunua kampuni ya hoteli za Protea mwaka 2014, hata usiku uliolala Protea ya Dar es Salaam ukawa unahesabiwa pamoja na ule uliolala Dubai ulipofuata mzigo. Mwanachama hufikia daraja la Gold kwa kulala usiku 25 ndani ya mwaka, Platinum kwa usiku 50, na Titanium kwa usiku 75. Gold ameahidiwa chumba kilichoboreka kidogo, kwa mfano cha ghorofa ya juu, cha kona au chenye mandhari nzuri zaidi. Platinum na waliomzidi wameahidiwa chumba bora kilichopo, na hapo switi, yaani chumba chenye sebule yake, inaweza kuingia. Wote wawili wamewekewa masharti mawili ambayo watu huyasoma haraka na kuyapita: chumba hicho kiwe kipo wazi siku ya kufika, na kiwe wazi kwa muda wote ambao mgeni atakaa.

Sharti la pili ndilo lililonikosanisha na wageni wengi. Mtu anayeingia Alhamisi na kuondoka Jumatatu anahitaji switi iliyo tupu usiku wote minne. Kama maharusi wamekwisha kuilipia Jumamosi, switi hiyo kwake haipo, hata kama Alhamisi hiyo taa zake hazitawashwa. Wakati huo huo mgeni wa usiku mmoja, mwenye daraja la chini kuliko lake, anaweza kupewa switi ile ile mbele ya macho yake, na hakuna aliyekosea. Ndiyo maana mtu wa safari fupi hupandishwa mara nyingi kuliko mtu wa likizo, ingawa huyo wa likizo ndiye ambaye angeifaidi sebule.

Sasa niwaeleze ile saa nne asubuhi. Mpangaji wa vyumba huanza na orodha ya wanaotarajiwa kufika siku hiyo. Kwanza huwawekea vyumba walioilipia aina maalumu, kwa sababu hao hawana mjadala. Kisha hutazama waliokwisha kuthibitishiwa kupandishwa kwa tuzo zao, yaani ruhusa za kupandishwa walizozipata kwa kulala usiku mwingi, wageni ambao meneja mkuu ameagiza watunzwe, na yule aliyelala vibaya safari iliyopita na kuahidiwa kufidiwa. Wanachama wengine hufuata baada ya hapo, kwa daraja zao na kwa idadi ya usiku waliolala. Hesabu hii hufanyika huku idara ya usafi ikiwa bado haijamaliza nusu ya vyumba, na huku mgeni wa chumba fulani akipiga simu kuomba aongezewe siku moja.

Hapo ndipo hoteli inapotofautiana na ndege, na naona ni vyema kuligusa jambo hili kwa sababu mipango yote hii ilizaliwa kwa kuiga mashirika ya ndege: American Airlines ilianzisha wa kwake mwaka 1981, na Holiday Inn na Marriott zikafuata mwaka 1983. Ndege ikifika, abiria wote hushuka, kwa hiyo viti vinajulikana. Chumba cha hoteli hakiachwi kwa kengele. Mgeni aliyepaswa kutoka saa nne anaweza kuwa bado anaoga saa saba, na mpangaji mwenye busara hamwahidi mtu chumba ambacho bado kina bafu linalotoa mvuke.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hulielewa kinyume, nalo ni kwamba hoteli ikijaa basi bahati ya kupandishwa imekufa. Si mara zote. Chukua hoteli yenye vyumba 60 vya kawaida, vyumba 20 vinavyotazama bahari na switi 8. Meneja wa mapato haogopi kuuza vyumba 66 vya kawaida, mradi jumla ya vyumba vilivyouzwa haijazidi 88, kwa sababu chumba cha kawaida ndicho kinachouzika upesi. Anajua kwamba asubuhi ya siku hiyo wageni sita lazima wapande juu, watake wasitake. Nami nikishalazimika kuwapandisha watu sita bure, nitawachagua wale ambao kampuni imenitaka niwafurahishe. Wengi niliowaandikia kadi ya kuwashukuru kwa uaminifu wao, na kuwapa mandhari ya bahari, walikuwa wamenitatulia tatizo langu la hesabu. Sioni aibu kulisema, kwa kuwa chumba walikipata na walikifurahia.

Switi, hata hivyo, ina hesabu nyingine, na hesabu hiyo ni ya fedha. Hoteli nyingi zenye majina haya si mali ya kampuni yenye jina. Jengo ni la mwenye hoteli, naye huilipa kampuni ada ya jina au ya usimamizi. Mwanachama anapolala kwa pointi, kampuni humrudishia mwenye hoteli kiasi fulani. Anapopandishwa kwenda switi, hakuna anayemrudishia mwenye hoteli chochote, ilhali switi huchukua muda mrefu zaidi kusafishwa, huhitaji mashuka na taulo zaidi, na huwa na kiyoyozi cha pili kinachonguruma sebuleni hata kama mgeni yuko kitandani. Kampuni hutoa ahadi, mwenye hoteli hulipa gharama, na mpangaji wa vyumba hukaa katikati kama mtoto wa ndoa yenye mzozo.

Juu ya hayo, switi ambayo ungepewa bure sasa huuzwa hadi dakika ya mwisho. Umewahi kupokea barua pepe, siku chache kabla ya safari, ikikuuliza kama ungependa kuongeza dola 60 kwa usiku upate chumba kikubwa zaidi? Barua hizo hutumwa na programu maalumu, mojawapo ikiwa Nor1, ambayo kampuni ya Oracle iliinunua mwaka 2020. Katika hoteli nyingi mhudumu wa mapokezi naye hupata kamisheni kwa kila chumba anachokiuza kwa nyongeza pale kaunta. Huwezi kumtarajia mtu huyo huyo akuuzie switi na akugawie, na kwangu mimi hili ndilo lililoidhoofisha ahadi ya kupandishwa kuliko sababu nyingine yoyote. Mgeni anayepokea barua ya aina hiyo halafu akaambiwa kwamba switi zote zimejaa ana haki ya kunung'unika.

Kwa sababu hiyo, nikiulizwa na jamaa zangu, huwashauri wathamini kupandishwa kunakothibitishwa mapema kuliko kule kunakongoja siku ya kufika. Katika World of Hyatt, mpango wa hoteli za Hyatt, ambao kwetu unahesabu Hyatt Regency Dar es Salaam, The Kilimanjaro, na Park Hyatt Zanzibar iliyo Shangani, mtu mwenye tuzo ya switi anaweza kuitumia wakati ule ule anapoweka nafasi, hadi usiku 7, ikiwa switi ya kawaida bado inauzwa. Akishathibitishiwa, mimi mpangaji sina la kumnyang'anya. Mwenzake wa Bonvoy aliyefikisha usiku 50 anaweza kuchagua tuzo tano za usiku mmoja mmoja, lakini mfumo huanza kuzitafutia nafasi siku chache tu kabla ya kufika, na nafasi isipopatikana tuzo humrudia. Hilton nayo hupandisha wanachama wake wa juu kwa mfumo wenyewe kuanzia saa 72 kabla. Hizo za mwisho zote mbili bado ni bahati nasibu, ila matokeo yake hutangazwa mapema.

Njia ya kuweka nafasi nitaipitia haraka, kwa kuwa haina utata. Ukipitia Booking.com, Expedia au wakala mwingine wa mtandaoni, kwa kawaida usiku huo hauhesabiwi na hoteli haiwajibiki kukupa stahili za daraja lako. Semina ambayo shirika linalipia vyumba vyote kwa ankara moja huwa hivyo hivyo mara nyingi. Na baba aliyechukua vyumba vitatu kwa ajili ya familia hupandishwa chumba chake peke yake, jambo ambalo limewahi kuwafanya watoto wahamie wote kwenye switi ya baba na kuviacha vyumba viwili vikiwa na masanduku tu.

Kuhusu majira, kalenda ya Unguja na ya Dar es Salaam hazilingani. Hoteli ya wafanyabiashara mjini Dar hujaa Jumanne na Jumatano, kisha Ijumaa mchana hubaki na wahudumu wanaotazamana. Unguja hufurika Julai na Agosti, na tena kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, halafu masika ya Aprili na Mei yakiingia baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa. Katika wiki hizo za masika niliwahi kumpa switi mwanachama wa daraja la chini kabisa, kwa sababu ilikuwa nafuu kufungua ghorofa moja na kuifunga ile nyingine.

Nimalizie na kosa langu mwenyewe, lililotokea katika hoteli ambayo sitaitaja. Mzee mmoja wa Platinum alifika jioni akiwa na usiku miwili. Kijana wa kaunta akamwamkia, "Shikamoo, mzee, karibu tena," na mzee, badala ya marahaba, akaweka simu juu ya kaunta. "Mwanangu, programu yenu inasema switi zimekwisha. Zimekwisha kweli, au zimekwisha kwangu?" Niliitwa nikatoka, nikamwonyesha kwamba moja ilikuwa na mgeni na nyingine ilikuwa mikononi mwa mafundi kwa sababu ya kiyoyozi. Alikubali, akaenda zake ghorofa ya tatu. Saa tatu usiku nilipomuuliza fundi wa zamu, aliniambia kiyoyozi kilipona tangu saa sita mchana, naye aliandika kwenye daftari la ufundi, lakini hakuna aliyekirudisha chumba kwenye mfumo. Kazi ya kulisoma daftari lile kabla ya kumjibu mgeni ilikuwa yangu. Switi ililala tupu, na mzee nilimhamisha asubuhi baada ya kumwomba radhi.

Tangu siku hiyo huwaambia wanachama wasiulize "mna switi?", kwa maana jibu lake ni lile lililo kwenye skrini. Mpigie mpangaji vyumba, si kaunta, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi ya siku unayofika, umtajie usiku unaokaa, umuulize kama kuna chumba kinachotarajiwa kutoka matengenezo leo, na umwambie kama uko tayari kuhama katikati ya safari. Wageni wengi hawako tayari kufunga begi mara mbili. Aliye tayari huwa karibu peke yake kwenye foleni.