Sawa, ziwa haligandi hadi chini. Na pampu je?

Jana nimeambiwa tena, na mteja mwenye nyumba ya likizo kaskazini mwa Minnesota, Marekani, anayeifunga majira ya baridi: "Fundi, bomba la kuvutia maji ya ziwa liache tu majini, ziwa haligandi hadi chini." Kweli, haligandi. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo hayo ndiyo hulala chini na barafu hukaa juu. Lakini mzee wangu, pampu yako inakaa na samaki? Iko ufukweni, kwenye kibanda cha mbao kisicho na joto, na bomba haliifikii bila kupenya hiyo barafu.

"Lakini nimefungua koki zote!" Umemwaga upande wa presha tu, wa kutoka pampu kwenda nyumbani. Upande wa kunyonya, wa kutoka ziwani hadi pampu, umejaa vilevile, kwa sababu futi valvu, ile vali ya njia moja kwenye ncha ya bomba majini, imewekwa pale makusudi maji yasirudi ziwani. Yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Tumbo la pampu ni chuma, halijui kutanuka. Hupasuka kimyakimya Januari, nawe unanipigia simu Mei.

Fungua kizibo cha juu cha pampu hewa iingie, na cha chini maji yatoke. Hata ukiifungua futi valvu, maji ndani ya bomba yatashuka hadi usawa wa ziwa, basi. Na usawa huo ndio wenye barafu! Ndiyo maana nalivuta bomba lote nchi kavu. Isitoshe barafu ya ziwa hutembea. Ikisukumana kuelekea ufukweni, hubeba ilichokinasa.

Nakiri, nimeona mabomba meusi ya plastiki yaliyoachwa majini miaka kadhaa yakatoka salama. Plastiki ile huvumilia kidogo. Itavumilia mara ngapi, sijui, na viungio vya chuma havina subira hiyo. Kompresa ya kupuliza maji yatoke bombani natumia, ila siiamini sana: bomba likibonyea mahali, hewa hupita juu ya maji yaliyolala na wewe unadhani pamekauka.

Mengine upesi. Zima umeme wa hita ya maji kabla hujaimwaga, usije ukaiunguza. Kwenye mitego ya sinki na choo, ile mikunjo ya bomba inayobaki na maji, mimina ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda. Ya gari ni sumu.

Vizibo vya pampu usivirudishe. Vifunge kwa waya kwenye pampu yenyewe, maana Mei hakuna droo itakayokubali kuwa inavyo.