Sarafu ya majaribio si sarafu mbovu

Jana nimetumiwa tena picha ya heller 20 ya Tabora, sarafu ya enzi ya Wajerumani huku kwetu, herufi zimekaa upande, ukingo umeliwa. Chini yake: "Kaka, si ndiyo ya majaribio hii?"

Hapana! Ile ni pesa ya dharura, ilipigwa mwaka 1916 itumike. Meli za Waingereza zilikuwa zimewafungia Wajerumani bahari, sarafu haziji, wakapiga zao kwenye karakana ya reli Tabora. Vifaa vya kubahatisha, kalibu zinachakaa, kwa hiyo chapa ikawa vile. Ubaya wa sura ni habari ya vita, haihusiani na majaribio.

Sarafu ya majaribio hupigwa ili wakubwa waikague kabla ya kuidhinisha. Sasa nani atawapelekea wakubwa kitu kibovu? Mara nyingi hiyo ndiyo safi kuliko zote zitakazofuata.

Mezani ninayo faranga 10 ya Komoro ya 1964, visiwa vikiwa bado chini ya Ufaransa. Upande mmoja kichwa cha Marianne, yule mwanamke anayewakilisha Ufaransa, wa pili makome na gombessa, yule samaki wa kale. Nikiiinamisha chini ya taa, uwanja wake, ile sehemu tupu isiyo na mchoro, unang'aa bila mkwaruzo. Kuna neno dogo: ESSAI. Wapo wanaonibishia kuwa ni jina la mchongaji. Mchongaji wa Marianne huyo ni Lucien Bazor; ESSAI ni Kifaransa, maana yake jaribio, basi.

Wanaponichosha zaidi ni kudhani jaribio lazima liwe limekataliwa. Yapo yaliyokataliwa, na mchoro wake hukuuona tena popote. Hayo ni kitu kingine, na bei yake ni nyingine. Faranga hii mchoro wake ulipita. Ile iliyoingia madukani ni hiyo hiyo, imeondolewa neno tu. Anayekuuzia kwa hadithi ya "mchoro uliokataliwa" anakuibia.

Na hapa nasema kitu kimoja: kiwanda cha sarafu cha Paris kilikuwa kikipiga ESSAI nyingi kwa ajili ya zawadi na wakusanyaji. Sarafu iliyopigwa ili itunzwe kabatini, ilijaribu nini? Katalogi inaiita jaribio, nami nimeifuata. Ila kwenye bahasha yake neno hilo nimeliandika kwa penseli.