Tembo Akivuka Mpaka Ni wa Nani? Sheria ya Hifadhi kwa Anayeishi Kando Yake

Tembo akivuka handaki usiku na kuingia katika mihogo yako, pale Kasese au Kabarole, swali la asubuhi huwa la hasira: mnyama huyu ni wa nani, na nani atanilipa? Sheria ya Uganda ina majibu mawili, na watu wengi wanalijua moja tu. La kwanza ni kwamba mnyamapori anamilikiwa na serikali kwa niaba ya wananchi, awe ndani ya hifadhi au nje yake. Kumuua bila kibali ni kosa hata akiwa amesimama katikati ya shamba lako. La pili ni kwamba tangu Sheria ya Wanyamapori ya 2019, mwenye shamba hilo anaweza kudai fidia. Nitaifikia. Kwanza niseme kwa nini maneno "kwa niaba ya wananchi" ndiyo yanayobeba kila kitu kingine.

Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema kwamba serikali kuu au serikali za wilaya zinashikilia kwa udhamini maziwa, mito, ardhioevu, hifadhi za misitu, mapori ya akiba na hifadhi za taifa, na kuzilinda kwa manufaa ya raia wote. Fikiria baba mdogo aliyeachiwa shamba la watoto wa marehemu kaka yake. Atalilima, atalizungushia ua, atamfukuza anayeliingilia, na watoto watakula mazao yake. Kuliuza hawezi. Siku akilimega na kumpa tajiri wa mjini, watoto wana haki ya kumpeleka mbele ya wazee na hata mahakamani. Sheria ya Ardhi ya 1998 imeweka hilo wazi: serikali inaweza kutoa leseni au kibali cha matumizi katika maeneo haya, lakini haiwezi kuyakodisha wala kuyahamisha yawe ya mtu.

Kauli ya "msitu wa serikali, waache wenyewe wahangaike nao" nimeisikia kuanzia Hoima hadi Mbale. Naielewa inakotoka. Sheria zetu zimeandikwa kwa Kiingereza, na kijijini zinafika kwa sauti ya afande mwenye bunduki akisema "toka humo". Lakini kisheria kauli hiyo si sahihi, na wanaofaidika na kosa hilo ni wale wanaopimiwa viwanja ndani ya msitu.

Butamira, karibu na Jinja, ni mfano mzuri na wenye uchungu. Ilikuwa hifadhi ya msitu iliyotangazwa rasmi, na wanavijiji jirani walikuwa wakipata humo kuni na kupanda miti. Serikali ikatoa kibali kwa kiwanda cha sukari kulima miwa. Shirika la kiraia la ACODE likamshtaki Mwanasheria Mkuu katika shauri la mwaka 2004, na Mahakama Kuu ikaamua kwamba serikali ilivunja udhamini. Mahakama haikudai kwamba walalamikaji wawe na hati ya kipande chochote cha msitu ule. Chini ya ibara ya 50 ya Katiba, mtu au shirika lolote linaweza kufungua shauri haki ya watu inapovunjwa. Wanasheria tunaitaja hukumu hiyo mpaka leo. Msitu wenyewe haukurudi. Ukipita huko utaona miwa.

Msitu mwingine, Mabira, ulinusurika, na si kwa kalamu ya hakimu. Mwaka 2007 ulikuwapo mpango wa kuchukua karibu hekta 7,100 za msitu ule, takriban robo yake, kwa ajili ya miwa vilevile. Watu waliandamana Kampala mwezi Aprili, maandamano yakaharibika na watu watatu wakapoteza maisha. Mpango ukawekwa kando baadaye. Mtu hapaswi kufa ili sheria ambayo tayari ipo kwenye vitabu ifuatwe. Sheria ya Misitu ya 2003 inasema hifadhi ya msitu haiondolewi hadhi yake bila idhini ya Bunge, na ni lazima itangazwe hifadhi nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi kuziba pengo. Waziri hawezi kuamka asubuhi na kuifuta.

Hapa niseme jambo linalochanganya wengi. Maeneo yaliyolindwa hayako chini ya sheria moja. Zipo hifadhi za taifa 10, kuanzia Murchison Falls na Queen Elizabeth za 1952 hadi Bwindi, Mgahinga, Rwenzori, Kibale, Semuliki na Mlima Elgon zilizopandishwa hadhi mapema miaka ya 1990. Yapo mapori ya akiba 12, kama Pian Upe, Katonga na Ajai. Yote hayo yako chini ya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Kisha zipo hifadhi kuu za misitu 506 ambazo zina sheria yake, iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, na ndani yake inaruhusiwa kutoa leseni ya kupanda miti ya mbao. Ndiyo maana unaweza kusimama ndani ya "hifadhi" ukazungukwa na misonobari mitupu, bila ndege wa kukusalimia, na isiwe kosa la mtu yeyote. Kwa maoni yangu huo ni udhaifu wa sheria: inahesabu miti, haihesabu viumbe. Misitu iliyo kwenye ardhi za watu binafsi ina ulinzi mwepesi zaidi, na ndiyo iliyopotea kwa kasi kuliko yote.

Turudi kwenye wanyama. Adhabu zimekuwa kali mno tangu 2019. Kwa wanyama walio katika hatari kubwa ya kutoweka, kosa linaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha, au faini ya hadi shilingi bilioni 20, au vyote viwili. Wengi husikia hivyo wakafikiria majangili wa pembe za ndovu. Mara nyingi anayenaswa ni jirani mwenye njaa na kipande cha waya.

Waya wenyewe ni wa breki ya baiskeli au klachi ya bodaboda. Unafungwa kitanzi, kinafichwa chini ya majani kwenye njia anayopita mnyama kama paa, na mwisho wake unafungwa kwenye mti mchanga uliopindwa. Mtegaji anataka kitoweo tu. Lakini waya hauchagui. Sokwe akipita, kidole kikaingia, anavuta. Kadiri anavyovuta ndivyo waya unavyokaza, mpaka anaukata na kuondoka nao ukiwa umezama kwenye nyama ya mkono. Budongo na Kibale wapo sokwe wengi wasio na vidole, na wengine wamepoteza kiganja chote, kwa mitego ambayo haikuwekwa kwa ajili yao.

Juni 2020, kule Bwindi, dume kiongozi wa kundi la gorila la Nkuringo, aliyejulikana kama Rafiki, aliuawa kwa mkuki. Aliyemuua alisema aliingia msituni kuwinda wanyama wadogo, gorila akamjia, naye akajitetea. Hakuponea hapo. Kuingia hifadhini bila ruhusa kuwinda ni kosa tayari, na yaliyofuata yalitokana na kosa hilo. Alikiri mashtaka na akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Hesabu ya gorila wa milimani iliyokamilishwa wakati ule ilikuwa 1,063 duniani kote, katika Bwindi na milima ya Virunga peke yake.

Sasa, fidia. Sheria ya 2019 ilianzisha mfuko unaotengewa asilimia 2 ya mapato ya UWA, na kanuni zake zikatoka 2022. Unadai ukiwa umejeruhiwa, umefiwa, au mazao na mali yako vimeharibiwa nje ya eneo lililolindwa. Ukilisha ng'ombe ndani ya hifadhi na simba akamla, huna dai. Si kila mnyama yumo pia: jedwali la sheria linataja wakubwa na wa hatari kama tembo, simba, chui, nyati, kiboko na mamba. Dai hupitia kamati za uhakiki kabla ya kulipwa, kwa hiyo ushahidi wako ndio utakaokubeba. Piga picha za nyayo na za mazao kabla hujaanza kuokota kilichobaki. Mwite mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aone kwa macho yake na aandike. Toa taarifa kwenye kituo cha UWA siku hiyohiyo, na kama kuna majeruhi, hifadhi karatasi za hospitali na za polisi. Mzee anayesubiri wiki mbili ndipo apeleke habari hukuta mvua imefuta nyayo na kamati haina cha kuhakiki.

Ipo pia asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi inayorudi kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo. Nyingine zimejenga madarasa na kuchimba mahandaki ya kuzuia tembo. Tatizo ni kwamba asilimia hiyo inakatwa kwenye kiingilio cha getini tu, na fedha kubwa haziko getini. Mgeni kutoka nje hulipa dola 800 kumwona gorila. Tozo ya kijiji katika kibali hicho ni dola 10. Mwanakijiji wa Bwindi akiuliza zilizobaki zinakwenda wapi, anauliza swali la mwenye mali, na ana haki ya kujibiwa.

Wapo waliolipa gharama kubwa kuliko mihogo. Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa hifadhi za taifa mwaka 1991, Wabatwa waliokuwa wakiishi humo kwa vizazi walitolewa, na wengi wakabaki bila ardhi, wakifanya vibarua kwenye mashamba ya wengine. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilisema wanastahili hatua maalumu za kuwainua, na ikapeleka suala lao Mahakama Kuu. Wabenet wa Mlima Elgon walipata hukumu ya makubaliano mwaka 2005 iliyowatambua kuwa wenyeji wa asili wa pale, na bado wanagombana na askari kuhusu mpaka. Siwezi kusema mdhamini ametunza vizuri mali ya watoto ilhali amewafungia nje baadhi ya watoto wenyewe. Bwindi yenyewe imeonyesha kwamba sheria inaweza kulegezwa bila msitu kufa: tangu miaka ya 1990 yapo maeneo maalumu ambamo vikundi vya wanakijiji, kwa makubaliano ya maandishi na hifadhi, huweka mizinga, huchuma dawa na hukata mmea wa kusukia vikapu.

Swali moja huulizwa kila mkutano: mbona mimi nikikata kuni nakamatwa, na kampuni inachimba mafuta ndani ya Murchison Falls? Jibu la kisheria ni kwamba kampuni ina leseni na imefanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na leseni si hati ya umiliki. Mafuta ya mradi wa Tilenga yamepangwa kusafiri kwa bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Jibu hilo ni sahihi, na bado halitoshi. Tathmini ni hati ya umma. Mwananchi anaruhusiwa kuisoma, kuhudhuria kikao cha kusikiliza maoni na kupinga. Wanaofanya hivyo ni wachache kwa sababu kitabu ni kinene na kiko mjini. Sheria ya Mazingira ya 2019 imekwenda mbali zaidi kwa kuipa maumbile yenyewe haki ya kuwepo na kujihuisha, na kumruhusu mtu yeyote kushtaki kwa ajili yake. Ni silaha mpya ambayo bado haijatumika vya kutosha.

Nimalizie na ardhioevu, maana huko ndiko raia wa kawaida anakopoteza fedha zake. Mabamba, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ambako watalii huenda kumtafuta ndege aitwaye korongo-nyangumi, Waganda humwita bbulwe, inatambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, kama maeneo mengine 11 nchini. Lakini mafunjo yaliyo nyuma ya nyumba yako Wakiso nayo yanalindwa, hata bila bango. Hati iliyotolewa juu ya ardhioevu baada ya Katiba ya 1995 inaweza kufutwa, na nyumba ikabomolewa. Kando ya mto mdogo usijenge ndani ya mita 30. Mito mikubwa iliyotajwa kwenye kanuni ni mita 100, na maziwa makubwa mita 200. Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya ardhi ya kanda na kwa afisa mazingira wa wilaya. Waulize mambo mawili: kipande hiki kiko wapi kwenye ramani ya ardhioevu, na hati yake ya kwanza ilitolewa mwaka gani. Dalali akikuharakisha ulipe kabla hujajibiwa, fedha zako zibaki mfukoni.